Mutombo na kidole cha shahada

Vijana wengi wanaomjua hayati Dikembe Mutombo wanamjua kwa kidole. Kila alipouzuia mpira wa mpinzani usifike kikapuni, mchezaji huyo kutoka Kinshasa alikinyanyua kidole chake cha shahada akakitikisa kushoto na kulia, mithili ya mzazi anayemkanya mtoto aliyetaka kudokoa nyama jikoni. Wasimamizi wa ligi ya NBA ya Marekani waliiona hiyo kuwa kejeli, wakaamuru aadhibiwe kila amtikisiapo mpinzani kidole usoni. Basi Mutombo akawageukia watazamaji, akawa anawatikisia wao. Lugha yetu ina maajabu yake. Kidole hicho twakiita cha shahada, na ni shahada ya namna nyingine tunayotaka kuizungumzia hapa, kwa sababu ndiyo iliyompeleka Marekani, na ndiyo inayosahauliwa kila hadithi yake inaposimuliwa katika mabweni ya shule zetu.

Tuna sababu ya kuikumbusha. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walimaliza Gredi ya 9 mwaka 2025, na mfumo huo unawataka wanaoingia sekondari ya juu kuchagua mmoja kati ya mikondo mitatu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, ule wa sayansi ya jamii, na ule wa sanaa na sayansi ya michezo. Kuwapo kwa mkondo huu wa tatu ni jambo la kupongezwa. Kwa miaka mingi shule zetu ziliufanya uwanja kuwa mahali pa kupumzishia akili, na kipindi cha michezo kikawa mali ya mwalimu yeyote aliyechelewa kumaliza silabasi. Hata hivyo, tayari kuna wazazi na walimu wanaouona mkondo huo kuwa jaa la kutupia watoto walioshindwa na hesabu. Mtoto akiwa mrefu na alama zake zikiwa fupi, huambiwa kwa tabasamu kuwa Mungu amemwandikia mpira. Wenye kusema hivyo humtaja Mutombo kwa ushahidi. Wamemshika shahidi asiye wao.

Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa Juni 25, 1966, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na ambayo tangu mwaka 2022 ni mwanachama mwenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Babake, Samuel, alikuwa mwalimu, na alipata kuwa mkuu wa shule. Watoto wa walimu wanajua maana yake: katika nyumba kama hiyo ripoti ya mwisho wa muhula haifichwi chini ya godoro. Mwenyewe alisoma Boboto, chuo kinachojulikana sana jijini humo. Kwa miaka mingi ya utoto wake alipenda soka. Mpira wa vikapu aliushika akiwa kijana mkubwa tayari, baada ya kuhimizwa na wa kwao walioona kwamba mtu anayekaribia futi saba hawezi kuendelea kuinama mlangoni bila faida yoyote. Hatimaye alifika mita 2.18.

Mwaka 1987 alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown mjini Washington. Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na tunamwomba msomaji asipapite haraka.  Alikwenda kwa ufadhili wa masomo uliotolewa na USAID, lile shirika la misaada la serikali ya Marekani, na nia yake ilikuwa asomee udaktari kisha arudi kuwatibu watu wa nchi yake. Katika mwaka wa kwanza hakuichezea timu ya chuo hata mchezo mmoja. Alikuwa akijifunza Kiingereza, kwa kuwa aliwasili akiwa na Kifaransa na lugha za kwao. Fikiria kijana wa miaka 21, mrefu kuliko kila mlango wa bweni, akikaa darasani kutamka maneno ambayo watoto wa mtaa ule huyatamka kabla ya kuota meno. Ni picha isiyochorwa kwenye fulana, lakini hakuna lolote katika maisha yake ya baadaye lisilotokana nayo.

Chuoni humo alikutana na kocha John Thompson, mtu mrefu na mkali, ambaye naye alikuwa amecheza misimu miwili Boston akiwa mchezaji wa akiba nyuma ya Bill Russell mashuhuri. Mwaka 1984 Thompson aliiongoza Georgetown kutwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani, akawa kocha wa kwanza Mweusi kufanya hivyo. Ofisini mwake aliweka mpira uliotolewa upepo. Mchezaji aliyeingia kulalamika kuhusu dakika alizonyimwa uwanjani aliuona mpira ule mezani, mlegevu kama chungwa lililokamuliwa, na hakuhitaji kuelezwa mengi. Upepo ukiisha utabaki na nini? Hilo ndilo swali lililokuwa pale mezani. Kati ya wachezaji wake 78 waliokaa chuoni miaka yote minne, 76 walihitimu. Tungependa kuona shule yoyote ya kwetu inayojivunia vikombe ikitupa hesabu kama hiyo ya wachezaji wake.

Wala asidhani mtu kuwa Thompson alikuwa mtumwa wa mitihani. Mnamo Januari 1989, Mutombo akiwa katika msimu wake wa kwanza wa kucheza, kocha huyo aliondoka uwanjani kabla ya mchezo dhidi ya Boston College kuanza, huku watazamaji wakimshangaa. Alikuwa akipinga kanuni mpya iliyokusudia kuwanyima ufadhili wanamichezo waliokosa kufikisha alama fulani kabla ya kuingia chuoni. Hoja yake ilikuwa kwamba mtihani ule ulipima zaidi umaskini wa shule aliyotoka mtoto kuliko uwezo wa mtoto mwenyewe, na kwamba kanuni hiyo ingewafungia mlango watoto wa Weusi maskini. Kanuni ilikuja kulegezwa. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi. Mwalimu anaweza kukataa kumhukumu mtoto kwa alama za siku moja, na bado akamdai asome kila siku anayokaa chini ya mamlaka yake. Thompson alifanya yote mawili kwa moyo mmoja, na ajabu ni kwamba huku kwetu mambo haya hudhaniwa kuwa ya kambi mbili zinazogombana.

Ndoto ya udaktari haikutimia. Masomo hayo hayana huruma na mtu anayeshinda safarini na timu, na Mutombo akayaacha. Hakukimbilia masomo ya kupitishia muda, bali alichukua isimu na diplomasia. Likizo moja alifanya kazi ya mafunzo katika ofisi ya mbunge mmoja wa Bunge la Marekani, na nyingine katika Benki ya Dunia. Alihitimu mwaka 1991. Alipokufa ilikuwa inajulikana kuwa anazungumza takriban lugha tisa, zikiwamo Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kireno, Lingala na Kiluba. Wanafunzi wanaonung'unika juu ya Kiswahili na Kiingereza, ambazo ni mbili tu, na walitafakari hilo.

Mwaka huo huo wa 1991, timu ya Denver Nuggets ilimchagua wa nne katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Alikuwa na miaka 25, umri ambao vijana wa leo wangeuona kuwa wa uzee, kwa kuwa wengi huingia ligi hiyo wakiwa na miaka 19 au 20. Je, shahada ilimchelewesha? Hesabu inajibu. Alicheza misimu 18, michezo 1,196. Katika msimu wa kwanza tu alipata wastani wa alama 16.6 na kunyakua mipira 12.3 kwa mchezo, akateuliwa miongoni mwa nyota wa ligi. Alitajwa mlinzi bora wa mwaka mara nne: 1995, 1997, 1998 na 2001. Mitupo aliyoizuia ni 3,289, na katika historia yote ya ligi hiyo aliyemzidi ni mmoja tu, Mwafrika mwingine, Hakeem Olajuwon wa Nigeria, mwenye 3,830.

Wapenzi wa mchezo huu hawatatusamehe tusipogusia Mei 1994. Denver walikuwa wameingia kwenye mchujo katika nafasi ya nane, ya mwisho kabisa, na wakakutanishwa na Seattle SuperSonics waliokuwa wameshinda michezo 63 msimu huo. Walifungwa michezo miwili ya kwanza. Ilibaki kufungwa mmoja tu warudi nyumbani. Badala yake wakashinda miwili, na ule wa tano, uliochezwa Seattle kwenyewe, ukaenda hadi muda wa ziada na kwisha 98 kwa 94. Haikuwahi kutokea timu ya nafasi ya nane kuitoa ya kwanza. Mutombo alikuwa amezuia mitupo 31 katika michezo hiyo mitano. Kipenga cha mwisho kilipolia alikuwa amelala chali sakafuni, mpira ameushika kwa mikono miwili juu ya kichwa, akicheka na kulia kwa pamoja. Waliobahatika kuiona picha hiyo hawaisahau.

Baada ya Denver alikwenda Atlanta mwaka 1996, kisha Philadelphia mwaka 2001, ambako alifika fainali. Halafu New Jersey, New York, na mwisho Houston. Ubingwa hakuupata kamwe. Huko Houston alikuwa mchezaji wa akiba wa Yao Ming, yule jitu wa China. Mnamo Februari 2008 Yao aliumia mguu, timu ikiwa imeshinda michezo 12 mfululizo. Wengi walidhani mambo yamekwisha. Mutombo, mzee wa miaka 41, akaingia mahali pake, na Houston wakashinda michezo mingine 10 bila kukatika. Mwaka uliofuata, Aprili 2009, goti lake liliharibika katika mchezo wa mchujo mjini Portland. Akatolewa akijua kuwa hatarudi tena. Upepo ulikuwa umetoka mpirani.

Miezi miwili baadaye, Juni 2009, kijana mwingine wa ukanda wetu aliitwa jina katika ukumbi wa uteuzi. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwenye mita 2.21, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika NBA, na wasemaji wa Kiswahili kote walikuwa na haki ya kushangilia. Naye pia alichelewa kuuanza mchezo, akiwa na miaka 15 hivi. Alikichezea Chuo Kikuu cha Connecticut miaka mitatu kwa sifa kubwa, akaondoka kabla ya mwaka wa nne. Kabla ya msimu wake wa kwanza kwisha, Memphis walimpeleka kwa muda katika ligi ndogo. Akahamishwa huku na kule, na hadi mwaka 2014 alikuwa amecheza michezo 224. Baadaye alicheza Japani na Taiwan. Hatusemi haya kumcheka. Mtu aliyetoka kwenye viwanja vya saruji vya Dar es Salaam akafika pale amefanya ambalo maelfu hawakulifanya, na kwamba hakuacha kucheza baada ya milango kufungwa ni ujasiri mkubwa. Tunalosema ni kwamba hata aliyechaguliwa wa pili miongoni mwa vijana wote wa dunia aweza kukaa miaka mitano tu. Mwanafunzi aliyechaguliwa wa pili katika kaunti yake atafakari hapo.

Turudi kwa Mutombo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mamake, Biamba Marie, alipata kiharusi nyumbani Kinshasa wakati wa machafuko. Njia zilikuwa zimefungwa na hakuna aliyeweza kumfikisha hospitalini, akafa. Mwanawe alikuwa tajiri aliyeweza kukodi ndege, lakini utajiri wake haukuweza kumvusha mama mitaa michache. Mwaka 1997 alikuwa amekwisha kuanzisha wakfu wake, na sasa akaukabidhi kazi moja kubwa: kujenga hospitali. Hospitali ya Biamba Marie Mutombo, yenye vitanda 300, ilianza kuwapokea wagonjwa mwaka 2007 katika eneo la Masina, pembezoni mwa jiji. Iligharimu dola milioni 29, na milioni 15 kati ya hizo zilitoka mfukoni mwake. Yule aliyeshindwa kuwa daktari akawaajiri madaktari.

Kuna aibu fulani iliyojificha katika sifa hizi, na haitakuwa uungwana kuinyamazia. Nchi yenye shaba, kobalti na almasi, nchi ambayo watawala wake walijijengea makasri, ilimngoja mcheza mpira aje aijengee raia wake hospitali. Mchezaji husifiwa, na waliopaswa kufanya kazi hiyo hualikwa kukata utepe. Hata sisi tumezoea hivyo: mwanariadha akishinda dhahabu, kijiji kinamngoja na orodha ya madarasa, mabomba na karo. Mutombo alibeba mzigo huo kwa hiari, wala hakuutua upesi. Mwaka 1996, timu ya wanawake ya Zaire ilipokwenda Olimpiki ya Atlanta, ni yeye aliyewalipia sare na gharama. Na katika miaka yake ya mwisho alifungua shule ya msingi isiyotoza karo karibu na Mbuji-Mayi, akaiita kwa jina la babake, Samuel. Mtoto wa mwalimu alirudi alikoanzia.

Tutaambiwa kuwa haya yote ni ya watu wa mita mbili na ushei, na kwamba mtoto wa kawaida wa Bungoma au Kilifi hana la kujifunza hapo. Ni kweli kwamba kimo hakifundishwi. Lakini lugha tisa si kimo. Kuandika barua kwa wafadhili wa mabara mawili, kuketi na mawaziri kujadili ardhi ya hospitali, kusoma mkataba kabla ya kuutia sahihi, kuzungumza na Wachina na Wamarekani kwa niaba ya ligi iliyomfanya balozi wake duniani baada ya kustaafu, hayo hakuyafanya kwa mikono mirefu. Na wachezaji wenziwe waliokuwa na mikono mirefu kama yake, wakafilisika kabla ya nywele kuota mvi, ni wengi mno kuwahesabu.

Kwa hiyo twawauliza wakuu wa shule wanaowasaidia watoto kuchagua mikondo: mtoto anayepelekwa sanaa na michezo amechaguliwa kwa kuwa ameonyesha kipawa na hamu, au kwa kuwa mwalimu wa hesabu amechoka naye? Na akishapelekwa, je, insha yake itasahihishwa kwa wino ule ule mwekundu, au atapewa alama za huruma kwa sababu Jumamosi kuna mechi? Sayansi ya michezo, ikifundishwa kama jina lake linavyosema, ina biolojia, ina fizikia, ina hesabu. Mtoto asiyeelewa jinsi goti linavyofanya kazi hatajua kulitunza. Walimu watakaolifundisha somo hilo wanahitaji vitabu na viwanja, si filimbi peke yake, na serikali iliyouanzisha mkondo huo haijatuonyesha ni shule ngapi za mashambani zina uwanja wa mpira wa vikapu wenye nguzo mbili zilizosimama wima.

Na wazazi nao wajifunze kuuliza. Mwaka 2025, Nairobi City Thunder ikawa timu ya kwanza ya Kenya kucheza katika ligi ya vikapu ya Afrika, BAL, ambayo ilianzishwa Kigali mwaka 2021. Mlango umefunguka, na hilo ni la kufurahisha. Ila panapofunguka mlango hupita pia madalali. Msakaji vipaji atakapofika nyumbani na karatasi ya kumpeleka mwanao ng'ambo, mwulize ni shule gani hasa na iko mji gani, ili uiandikie mwenyewe. Mwulize mtoto atasomea nini, na atamaliza mwaka gani. Mwulize nani atalipa karo iwapo mguu utavunjika katika mwezi wa pili, na nani atamlipia nauli ya kurudi. Mpe kiti, mpe chai, umsubiri ajibu. Akianza kukuonyesha picha za viatu na magari, mwite mwalimu wa darasa aje aisome karatasi hiyo pamoja nawe kabla ya yeyote kushika kalamu.